Mzunguke, Usimguse

Gazeti letu la Invercargill lilitoa ukurasa mzima Losivale alipotundika daluga. Misimu kumi na mmoja akiwa mlinzi wa goli wa timu ya Mikasi ya Kusini, mechi mia moja hamsini na mbili, vikombe viwili, na picha yake amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Nimeikata picha hiyo nikaibandika ukutani, karibu na ya harusi yangu. Lakini gazeti limesema ule ujanja wake wa kukaba mtu bila kumgusa aliupata kambini. Hapo wamekosea. Aliupata gerejini kwangu, kati ya friza la nyama na mashine ya kufulia, na aliyemfundisha ni mimi, Siniva, niliyeishia darasa la sita kule kisiwani Savai'i, Samoa, na ambaye sijawahi kushika mpira wa pete ila kuurudisha ulipoangukia kwenye kabichi zangu.

Losi ni mtoto wa binti yangu. Mama yake alifuata kazi Australia akaniachia mtoto wa miaka minne, na mtoto akaanza kurefuka. Sitanii. Kila Krismasi nilishusha pindo la gauni lake la kanisani, na kila Pasaka magoti yalikuwa nje tena. Alipofika miaka kumi na mitatu alikuwa anafuta vumbi juu ya kabati bila kupanda kitu, na kaka yangu Lafaele, ninayeishi naye, alikuwa akimwita dirishani: "Losi, hebu chungulia huko juu, mvua inakuja au haiji?"

Katika mji huu msichana mrefu hana pa kukimbilia. Jumamosi asubuhi viwanja vyote vya lami vinajaa wacheza mpira wa pete, mvua inapiga kwa ubavu, akina mama wanapiga kelele chini ya miavuli iliyopinduka, na mikate ya kukunja yenye jibini la moto inaunguza ndimi za watu. Losi akavalishwa kizibao chenye herufi GK, mlinzi wa goli, na toka siku hiyo ukitaka kukifua ilibidi umvizie amelala.

Kipaji alikuwa nacho. Tatizo lake lilikuwa moja tu: aligusa.

Mtu aliyecheza mpira wa pete shuleni anajua. Mfungaji akishaudaka mpira chini ya pete, mlinzi anatakiwa kukaa futi tatu kutoka mguu wake. Hapo ainamie mbele atakavyo, anyooshe mikono mpaka mbinguni, lakini akimgusa tu, kipenga. Mfungaji anatupa kwa raha zake, na mlinzi anasimamishwa kando yake kama mtoto aliyekojoa kitandani. Mjukuu wangu alisimamishwa kando hivyo mara nyingi mpaka Lafaele akasema tumpelekee kiti.

"Sikumgusa, Bibi," alikuwa akiniambia.

"Yule msichana alianguka."

"Alianguka mwenyewe."

"Alianguka na kiwiko chako mbavuni, mwanangu."

Alipomaliza shule aliingia kiwanda cha nyama, kama mimi niliyekata figo za kondoo miaka thelathini na mmoja. Yeye wakamweka kwenye ndimi. Siku nzima anapanga ndimi za kondoo kwenye maboksi, jioni anakwenda mazoezini. Mwaka 2010, akiwa na miaka ishirini, Mikasi wakamchukua kama mchezaji wa kujaza nafasi mazoezini. Mkataba hana. Wanampa viatu na soksi, basi. Ila alivyovivaa vile viatu! Alikuja navyo mpaka kanisani.

Mechi yake ya kwanza aliipata kwa sababu mlinzi wa kawaida alitegua kifundo cha mguu. Tulikuwa tumekaa pale juu jukwaani, mimi, Lafaele na kwaya nzima ya kanisa. Losi akaingia. Hata dakika mbili hazijaisha, mpira ukarushwa juu kwenda kwa mfungaji wao, na Losi akapaa, akaudaka hewani kwa mkono mmoja kama anachuma papai.

Sasa sisi Wasamoa, mtu wetu akifanya jambo zuri mbele za watu, hatukai. Binti akicheza ngoma ya heshima katikati ya ukumbi, mikono laini, uso umetulia, ndugu zake huinuka kumzunguka kwa vituko. Wanaruka, wanatoa ulimi, wanagaragara chini, ili kadiri wao wanavyochekesha ndivyo yeye anavyozidi kupendeza. Tunaita aiuli. Asiyeinuka ndiye asiyempenda.

Mimi nampenda. Niliinuka. Lafaele akainuka. Kwaya ikainuka, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na sote tukashuka tukaingia uwanjani.

Mpira ulikuwa bado unachezwa. Mimi sikuliona hilo kuwa tatizo.

"Chuuhuu!" nikapiga ukelele, nikambandika Losi noti ya dola kumi kwenye bega lenye jasho, kama tunavyombandika mchezaji ngoma.

"Bibi! Jamani Bibi, tokeni!"

"Cheza, mwanangu! Cheza!"

Lafaele alikuwa tayari amelala chali chini ya pete, miguu juu, anaipiga hewani kama mende aliyepinduliwa, na mchezaji mmoja wa wale wageni akamruka. Vipenga vikalia viwili kwa pamoja. Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuja akaibandua ile noti begani kwa ncha za vidole viwili, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia.

"Hii ni yako?"

"Ni ya mtoto."

"Kaa chini, mama."

Tulikaa. Lakini Losi alikuwa ameshachanganyikiwa. Muda uliobaki alifanya makosa tisa ya kugusa, na Mikasi wakafungwa.

Jumatatu kocha akaja nyumbani. Glenys Tulloch, mke wa mfugaji, mwembamba kama ufito, nywele fupi za mvi, mtu ambaye maneno aliyatoa kama anayakopesha. Alisimama sebuleni na jaketi lake la mvua.

"Bi Siniva, nina mambo mawili."

"Kula kwanza."

"Niseme, halafu nile."

"Hapa tunakula, halafu tunasema."

Akala. Akala taro, yaani magimbi yetu, akala nyama ya kopo na vitunguu, akaongezewa, akakataa, akaongezewa. Kisha akafuta mdomo.

"La kwanza, familia itakaa kwenye viti vyake. Mkiingia tena uwanjani, wakubwa wa ligi watatuadhibu. La pili ni Losi. Makosa tisa. Nina mkataba mmoja tu wa msimu ujao. Kuna msichana wa Dunedin anautaka. Si mrefu, haruki hivi, lakini hagusi mtu. Jumamosi ya wiki ijayo tunacheza na Auckland hapa hapa. Nitampa Losi robo ya mwisho. Makosa mawili nitayavumilia. Akifanya la tatu, namsainisha wa Dunedin."

"Na mjukuu wangu?"

Losi, aliyekuwa ameinama mlangoni asigonge kichwa, ndiye aliyejibu. "Nitabaki kwenye ndimi, Bibi." Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Glenys aliondoka na bakuli la kwenda kula kwake. Nyumbani kwetu mtu hatoki mikono mitupu, hata aliyekuja kututisha.

Losi akaanza kuosha vyombo kwa fujo. "Siwezi, Bibi. Nikimwona anatupa tu, mkono unakwenda wenyewe."

"Harusi ya binamu yako Fetuao, nani alimfanyia aiuli?"

"Mimi."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

"Ulimgusa bibi harusi?"

Akacheka. "Nimguse? Si ungeniua!"

"Kwa hiyo unaweza."

Aliacha kuosha. Maana hilo kwetu kila mtoto analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Unamzunguka mcheza ngoma, unajirusha, unapita karibu kabisa na shavu lake, lakini ukimpiga kikumbo umeiaibisha familia nzima mpaka waliokufa.

Kesho yake alipotoka kazini nilikuwa namngoja gerejini. Nilikuwa nimevaa gauni langu jeusi la misiba na kujipaka unga wa ngano kuanzia mabegani mpaka magotini. Lafaele alikaa juu ya friza na bati la biskuti mapajani, tayari kupiga.

"Bibi, umefanya nini?"

"Vaa nguo nyeusi. Mimi nitacheza, wewe utanizunguka. Ukinigusa, unga utasema."

Lafaele akapiga bati, nami nikacheza. Nilikuwa na miaka sitini na minne, lakini mikono yangu inakumbuka, na kijijini kwetu walikuwa wakiniweka katikati mimi si mtu mwingine. Losi akaanza kunizunguka huku mikono imenyooka. Bati liliponyamaza alikuwa mweupe kama andazi linalongoja mafuta.

"Hilo kosa la ngapi?" akauliza Lafaele. "Mimi vidole vimeniishia."

"Babu, nyamaza."

"Sinyamazi. Msichana wa Dunedin anakusalimia."

"Tena!" nikasema mimi.

Siku ya pili weupe ukawa viwikoni na gotini tu. Siku ya tatu alikasirika, akatupa kizibao chini.

"Bibi, hii kitu haifai! Aiuli ni kumpendezesha mtu. Mimi sitaki yule wa Auckland apendeze. Nataka akose!"

Hapo nikamkalisha kwenye mashine ya kufulia, ili niweze kumtazama usoni. "Sikiliza. Umewahi kuona mcheza ngoma akiharibu?"

"Nimeona."

"Anaharibu lini? Si anapotazamwa. Anaharibu anapoanza kujitazama. Wewe mfanyie vituko, mpendezeshe, mpambe, mpaka akumbuke kwamba ana mikono. Akishaikumbuka, imekwisha."

Akashuka, akakiokota kizibao. Kisha akatoa ulimi, akazungusha macho, mambo ya harusi ya Fetuao yale yale, na Lafaele alipopiga bati tena mimi nikaukosa mdundo kwa kicheko.

"Unaona?" nikamwambia. "Hata mimi."

Tangu hapo hatukulala tena na huzuni. Tulifanya kila jioni. Majirani waliona unga ukitoka chini ya mlango wa gereji na kusikia bati na makelele, wakaja kuuliza tunaoka nini. Siku ya mwisho alinizunguka wimbo mzima, ameniinamia kwa mguu mmoja, mwingine ameuinua nyuma, vidole vyake vinapita juu ya nywele zangu bila kutingisha hata unywele. Bati likanyamaza. Tukamgeuza mbele, tukamgeuza nyuma chini ya taa. Alikuwa mweusi tii, isipokuwa ncha ya pua.

"Pua si kosa," akasema Lafaele. "Pua ni ya babu yake, haina mpaka."

Jumamosi nilimkata kucha kama kawaida, kwa sababu waamuzi hukagua vidole vya kila mchezaji, na mjukuu wangu hatakaguliwa akaonekana hana kwao. Kisha nikajiandaa mimi. Nilikuwa nimeahidi kukaa, lakini najijua. Basi nikavaa gauni langu jeupe la kanisani, nikapakata sinia la majani ya taro yaliyopikwa kwa tui la nazi, moja kwa moja kutoka jikoni, limejaa mpaka ukingoni. Nikiinuka, litamwagika lote juu ya gauni. Nilijitia pingu ya chakula.

"Dada, funika," akasema Lafaele.

"Nikilifunika nitainuka."

Mbele yetu alikaa mzee mmoja mfugaji, kipara kinang'aa. Akageuka. "Mama, hicho kinanukia vizuri."

"Tazama mbele."

Robo tatu tulikaa kama watu wa picha. Mfungaji wa Auckland, Brydie, msichana wa futi sita na inchi nne mwenye nywele ndefu kama mkia wa farasi wa maonyesho, alikuwa hakosi. Anadaka, anageuka, anatupa, imeingia, wala hafurahi. Kisha Glenys akamwashiria Losi, na Losi akavua fulana ya juu akaingia.

Dakika ya kwanza, kiwiko. Kipenga. Lafaele akainua kidole kimoja ili kwaya yote ione.

Dakika ya nne Brydie alirudi nyuma ghafla na Losi akamgonga mgongoni kwa kifua. Kipenga. Vidole viwili. Zimebaki dakika kumi na moja, na mjukuu wangu anasimamishwa kando, mikono chini, ndimi za kondoo zinamwita. Akainua macho akanitafuta kule juu.

Kuinuka siwezi. Kuita, hatasikia. Basi nikafanya kilichobaki. Nikatoa ulimi wote, nikazungusha macho, nikavimbisha mashavu. Yule mzee wa kipara akachagua wakati huo huo kugeuka.

"Mama, unaumwa?"

"Tazama mbele, nimekwambia!"

Kule chini Losi alikuwa amepasuka kicheko. Na baada ya kicheko kile, ndugu zangu, hakukaba tena. Alicheza. Brydie akidaka, Losi anarudi futi zake tatu kama anaingia ukumbini, anapinda, anamwinamia, vidole vinatapakaa juu ya mpira, macho yanazunguka, ulimi nje. Mpira wa kwanza Brydie akaingiza. Wa pili akaingiza. Wa tatu akamtazama Losi kabla ya kutupa.

"Amemtazama!" nikamwambia Lafaele.

"Nimeona! Kaa!"

"Nimekaa!"

"Sinia linatikisika!"

Brydie akakosa. Akakosa tena. Akaanza kufuta viganja kwenye sketi, akaanza kubadili miguu, akawa anaushika mpira kama mtu anayesoma barua. Mikasi walikuwa nyuma kwa magoli sita; yakawa manne, likawa moja, ikawa sare, na uwanja mzima ukawa umesimama isipokuwa mimi. Nilikuwa naona mgongo wa mzee wa kipara tu. Nilimsukuma kwa goti ahame.

Tukaongoza kwa goli moja. Zikabaki sekunde chache, mpira ukamfikia Brydie chini kabisa ya pete, mahali ambapo hata mimi ningefunga. Watu walikuwa wanalilia ushindi. Sisi tulikuwa tunatazama mikono ya mtoto wetu. Lafaele alikuwa bado ameinua vile vidole viwili, na cha tatu amekikunja kwa nguvu kandokando yake.

Losi akarudi nyuma. Akainua mguu. Akajinyoosha juu ya yule msichana mpaka nikafikiri atakatika kiunoni, na kati ya ncha za vidole vyake na mpira ungepitisha karatasi, si zaidi. Brydie akatupa. Mpira ukapiga ukingo, ukazunguka pete mara moja, mara mbili, ukafikiri, ukatoka. Wote wawili wakaruka. Losi akaudaka juu kabisa, viwiko ameviweka ndani kama mtu anayepita kati ya meza za vyombo vya watu.

Kipenga kikalia.

Nililikaza sinia mapajani. Lafaele alifumba macho, na kile kidole cha tatu kikanyanyuka chenyewe.

"Amegusa?" akauliza. "Dada, amegusa?"

Yule mwamuzi wa miwani ya kamba alikuwa ameinua mkono juu. Mechi imekwisha.

Nikainuka.

Nililisahau sinia, sina la kujitetea. Nusu iliteremka kwenye gauni langu na nusu ikatua kwenye kile kipara. Mzee akajigusa kichwa taratibu, akatazama kidole chake, akakilamba.

"Ni nini hiki?"

"Majani ya taro."

"Nitapata mengine?"

Kwaya nzima ilikuwa inanitazama, miguu inawawasha, na mimi nimesimama pale natiririka tui la nazi, sitoki. Niliahidi kukaa, kukaa kumenishinda, lakini kushuka sikushuka. Ndipo Glenys akaja mpaka ukingoni mwa mstari, akanyoosha shingo, akaniita kwa mkono.

"Bi Siniva! Sasa!"

Nilishuka ngazi zile kama bibi harusi. Nilikuwa nimekusudia kufanya vituko, kurukaruka, kumpamba mtoto wangu. Lakini Losi aliponiona, alitupa mpira, akakimbia katikati ya uwanja, akaanza yeye. Akatoa ulimi, akaruka, akajitupa chini, akanizunguka mimi. Basi nikaelewa ananipa nafasi gani. Nikanyoosha mgongo, nikainua mikono, nikacheza ngoma yangu polepole, gauni limelowa, na mtoto yule wa futi sita na ushee akapita kila upande wangu bila kunigusa, huku Lafaele akipiga sinia tupu na wenyeji wa Invercargill wakipiga makofi mahali pasipo pake.

Glenys naye akaingia. Alikuwa anacheza kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango gizani, lakini aliingia.

Mwisho Losi hakuweza tena. Alinirukia akanikumbatia kwa nguvu zake zote, tui likakilowesha kizibao, herufi zikapotea.

Piii! Mwamuzi wa miwani alikuwa hajavua kipenga chake shingoni. Akatunyooshea mkono. "GK, kugusa!"

"Hilo la tatu," akasema Glenys, anahema. "Lakini saa imeshasimama."

Jumatatu akaja na mkataba mkononi, akataka tusaini kwanza. Tukala.